Chai ya Rika

Siku hizi naamshwa na magari ya watalii. Nyumba yangu iko Karatu, kando ya barabara inayopanda kwenda lango la hifadhi, na alfajiri yanapita moja baada ya jingine, taa zimewaka ndani ya ukungu. Mimi nikiwa bado kati ya usingizi na kuamka, huondoka nayo. Navuka lango, napanda kwenye msitu unaodondosha maji, nazunguka ukingo wa kreta ambako hakuna kinachoonekana ila weupe mtupu, na mahali fulani ndani ya weupe ule wapo watu wameketi kwenye nyasi, shuka zao zimelowa umande, kadi za kliniki wameziweka magotini. Wananisubiri. Kisha mjukuu wangu anaangusha sufuria jikoni, nakumbuka kwamba nimestaafu, na kwamba hakuna anayenisubiri ila kuku.

Nyinyi mlionirithi kwenye kazi hii ya sukari na presha mmeniomba niwaandikie ninayoyakumbuka. Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekaa mbele ya mtu mwenye kisukari nikijaribu kumwambia ale nini. Msitegemee mpangilio. Kumbukumbu zangu zinarudi kama ng'ombe jioni, yule mwenye ndama ndiye hutangulia.

Nianze na viazi. Alikuwapo mkulima mmoja wa hapa Karatu, mtu mpole, Mwiraqw mwenzangu, ambaye nilimwambia apunguze ugali. Mwezi uliofuata sukari yake ilikuwa imepanda. Nikamkazia macho, naye akaapa mbele ya mkewe kwamba ugali ameupunguza hadi anauona kwa mbali tu. Nikamwuliza anakula nini badala yake. Akasema mboga, Sista, mboga tu, sahani nzima. Nikamsifu. Mwezi wa pili ikapanda tena. Ndipo nikapata akili ya kuuliza ni mboga gani hiyo. Ilikuwa viazi mviringo. Kwao kila kinachokaa pembeni ya ugali ni mboga, na kiazi siku zote kilikaa pembeni ya ugali. Mimi ndiye niliyepaswa kujua, maana hata kwetu ni hivyo hivyo, ila nilipovaa sare nilisahau tulivyokuwa tunakula kwa mama yangu.

Kisha yupo mama mmoja ambaye vipimo vyake vilikuwa vizuri kuliko vya wote, na bado macho yake yalizidi kufifia. Nilimtumia kuwaaibisha wengine. Tazameni mwenzenu, nilikuwa nawaambia. Jirani yake ndiye aliyeninong'oneza kwamba mama yule hufunga siku mbili kabla ya kliniki, kama mtu anavyofagia uwanja akisikia wageni wanakuja. Siku ishirini na nane zilizobaki alikula anavyotaka. Sikumgombeza. Nilijigombeza mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimefanya kliniki iwe mtihani, na wapi umeona mtu mzima akipenda kufeli mtihani mbele ya majirani?

Aliyenifundisha kazi alikuwa tabibu mzee, nitamwita Gwandu. Mgonjwa akiketi, Gwandu hakumwuliza anakula nini. Alisema ukiuliza hivyo utajibiwa unachotaka kusikia. Aliuliza habari za jana. "Jana ulipofumbua macho, mkono wako wa kwanza ulishika nini?" Halafu alifumba macho yake na kusikiliza, mgonjwa akimpeleka jikoni, shambani, kilabuni kwenye pombe, na kurudi. Wiki yangu ya kwanza nilidhani mzee anasinzia, nikamfunika koti. Hakulitoa. Mgonjwa alipomaliza, akasema akiwa bado amefumba macho kwamba hapo saa tisa kuna kitu kimerukwa. Kweli kilikuwa kimerukwa, chupa mbili za soda.

Gwandu alipenda kusema kwamba karatasi ya chakula inayomfaa kila mtu haimfai mtu yeyote. Nilimheshimu, nikalikariri neno lake, na siku lilipohitajika sikulifuata. Sasa nimefika kwa Mzee Tipape, na nisingependa kufika.

Mzee Tipape alikuwa mfugaji wa Nainokanoka, kule juu ambako baridi haiulizi ni mwezi gani. Tulikwenda mara moja kwa mwezi na gari la kliniki, tunatandika turubai, tunapima. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kuheshimiwa. Watu wakigombana kuhusu malisho au mahari, yeye ndiye aliyeitwa kupatanisha, na kazi hiyo ilimtembeza boma kwa boma. Tulipompima tulikuta sukari iko juu na presha iko juu. Daktari wetu akamwandikia vidonge, mimi nikapewa kumfundisha chakula.

Siku ile tulichelewa kufika, gari lilikwama kwenye tope, na ukungu ulikuwa unashuka. Nilikuwa na watu wengi na hasira nyingi. Sikumwuliza habari za jana. Nilimwuliza mkwe wake Nashipai, msichana aliyesoma na aliyekuwa anatutafsiria, mzee anakula mara ngapi. Nashipai akauliza, akajibiwa, akaniambia, "Anasema mara moja tu, jioni." Nikasema vizuri sana. Nikamwambia vidonge anywe asubuhi na chakula. Nikamwambia aache sukari kabisa. Na kwa kuwa karatasi yangu ilisema mafuta ya maziwa ni mabaya kwa moyo, nikamwambia apunguze sana maziwa, ikiwezekana ayaache.

Tafadhali angalieni nilichofanya. Kwa mzee yule chakula kilikuwa ugali au nyama ya jioni. Maziwa hayakuhesabiwa kuwa chakula, yananywewa. Chai haikuhesabiwa kabisa. Kumbe vitu hivyo viwili, maziwa na chai ya maziwa yenye sukari, ndivyo vilivyomsimamisha tangu asubuhi hadi jioni. Mimi nikaviondoa vyote kwa sentensi mbili, nikamwachia vidonge vya kushusha sukari juu ya tumbo tupu, nikapanda gari.

Na wale watu wana nidhamu, jamani. Mkulima wangu wa viazi angedanganya, na uongo wake ungemwokoa. Mzee Tipape alilelewa kuwa moran, akaambiwa vumilia, akavumilia. Wiki ya pili alitoka asubuhi na ng'ombe kuelekea mlima wa Olmoti, amekunywa vidonge na chai ya rangi isiyo na kitu. Mkewe, Nolari, alikuwa anakata kuni upande ule ule. Alimkuta ameanguka, jasho linamtiririka kwenye baridi, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nolari hajakanyaga shule. Lakini aliwahi kuona ndama aliyezimia kwa njaa, na ndani ya boma alikuwa na asali iliyohifadhiwa kwa ajili ya sherehe. Akatuma mtu mbio, akampaka mumewe asali kwenye fizi, kidogo kidogo, mpaka akafumbua macho. Alipoweza kumeza akampa chai yenye sukari nyingi, halafu maziwa.

Ndivyo inavyotakiwa, hata nyinyi mkikutana na mtu ambaye sukari yake imeshuka akiwa bado anaweza kumeza. Kwanza kitu kitamu, kisha chakula. Kama hawezi kumeza, usimmiminie kitu, mkimbize hospitali. Nolari alifanya karibu yote bila kufundishwa.

Lakini fikirini alichojifunza siku ile. Nesi aliondoa sukari na maziwa, mume akaanguka. Mke akarudisha sukari na maziwa, mume akaamka. Nani angehitaji ushahidi zaidi? Vidonge vikatupwa. Na kwa mapenzi, kwa hofu, Nolari akaanza kumwekea mumewe sukari mara mbili ya zamani. Kliniki hakuja tena. Mimi nilidhani amehamia malisho ya mbali. Sikuuliza. Hilo bado linaniuma.

Naomba niwatoe huko kidogo, kwa sababu nikifika hapo kwenye kumbukumbu huwa napumzika, nami nataka na nyinyi mpumzike. Engaresero, kule chini kwenye joto la Ziwa Natron, niliwahi kuwafundisha akina mama wa wagonjwa wa presha wapunguze chumvi. Wakakubali haraka mno. Niliporudi, presha ziko pale pale. Nikaketi jikoni kwa mmoja wao nikamtazama anavyopika maharage. Chumvi hakugusa kweli. Alichukua magadi kutoka ziwani, akatia konzi nzima, maharage yakalainika upesi. Nikamwambia magadi nayo yanapandisha presha kama chumvi. Akanitazama kwa huruma, akasema magadi siyo chumvi, Sista, magadi ni magadi. Tulilumbana mpaka maharage yakaiva. Mwishowe tulikubaliana aloweke maharage tangu jana yake, na magadi yabaki ya ugoro wa baba mkwe. Jiko ndilo darasa. Mkitaka kujua mtu anakula nini, kaeni karibu na anayepika, tena nyamazeni.

Basi turudi juu.

Nashipai ndiye aliyenipigia simu. Alitafuta mtandao hadi juu ya kilima, upepo ukawa unakata maneno yake. Mzee alikanyaga mwiba, kidonda kipo chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, miezi inapita hakifungi. Walimshusha hospitali moja mara moja tu. Daktari akakitazama, akapima sukari, akasema wazi kwamba anatoa mwezi mmoja. Kama nyama haitaanza kufunga, mguu ukatwe chini ya goti kabla sumu haijapanda. Mzee akasikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani. Dawa ya kidonda alikubali. Vidonge vya sukari alikataa. Na mfugaji wa mguu mmoja, Nashipai aliniambia, mzee amesema hamfahamu mtu huyo, na hatamkaribisha kwenye mwili wake. Afadhali afe na miguu yote.

Niliomba likizo ya siku chache. Sikulala vizuri. Niwaambie ukweli, sikuwa naogopa mguu tu, niliogopa kuonana na Nolari. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa kwenye nyumba iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, upande wa Mbulu, ili Wamasai wanaotafuta ng'ombe wapite juu yake bila kuiona. Alituimbia tukiwa wadogo tunyamaze wasitusikie. Na mimi mjukuu wake nikapanda lori la unga kwenda kwao, kwa hiari yangu, kuomba msamaha.

Nashipai alinipokea njiani, tukatembea ndani ya ukungu hata nikawa sijui kama tunapanda au tunashuka. Sauti za kengele za ng'ombe zilitoka pande zote, na ng'ombe wenyewe hawakuonekana. Alinifundisha kwamba kwao anayeomba amani hung'oa majani na kuyashika mkononi. Nikainama nikang'oa. Akanipiga kofi kwenye mkono.

"Mabichi, Sista. Hayo makavu ni ya kuwashia moto."

Nikamkuta Nolari mlangoni mwa nyumba yake, mwanamke mdogo wa umbo, shanga zimemjaa shingoni. Sikuwa na hotuba. Nikamnyooshea yale majani. Nikamwambia Nashipai atafsiri kwamba kosa lilikuwa langu, siyo la mzee, wala siyo la dawa. Nilimnyima mumeo chakula bila kujua kwamba ni chakula, nikasema, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Alisema, na Nashipai akanipa maneno yake moja moja, "Wewe uliondoa maziwa, akaanguka. Mimi nikaweka sukari, akaamka. Niambie sasa, daktari ni nani?"

"Siku ile," nikamwambia, "daktari ni wewe."

Aliyapokea majani yangu. Hakutabasamu, lakini aliyapokea, akaniingiza ndani na kunipa chai. Ilikuwa tamu hadi meno yakaniuma, nikainywa yote.

Nilikaa siku tatu. Nilifanya kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nilimfuata mzee tangu anaamka hadi analala, nikiwa na kikombe kimoja cha bati kama kipimo. Alipoamka, kikombe cha chai. Kabla ya kutoka, kingine. Siku ya pili aliitwa kupatanisha ndugu wawili, nikachechemea nyuma yake huku yeye mwenye kidonda akinitangulia. Boma la kwanza, chai. La pili, chai. La tatu tulikopita kusalimia tu, chai, na mama mwenye nyumba aliongeza sukari mbele ya macho yetu kwa heshima ya mgeni. Niliacha kuhesabu. Jioni alikula ugali kidogo na maziwa, akasema ameshiba, na kweli alikuwa amekula mara moja tu kwa hesabu yake.

Tulipokuwa tunarudi nilimwuliza kwa nini asikatae japo chai moja. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini hili alilisema mwenyewe, akiniita mama kwa Kimasai.

"Chai siyo chakula, Yeyo. Chai ni salamu. Mimi nikikataa chai, nimekataa mtu."

Hapo nikaelewa kwamba karatasi yangu haikuwa na mahali pa kuandika jambo hilo. Ningeweza kumwambia mkulima wa viazi aache viazi. Huyu nikimwambia aache chai, nimemwambia aache kazi yake na jina lake.

Mambo ya nyumbani yalikuwa mepesi kuliko nilivyodhani, kwa sababu maziwa ya nyumba ni mali ya mke, yeye ndiye mwenye kibuyu na yeye ndiye anayegawa. Nilipoacha kumwelekeza mzee nikaongea na Nolari, kila kitu kilisogea. Tulipanga pamoja, yeye akitumia kikombe chake. Maziwa ya asubuhi yarudi, tena kwanza kabisa, kabla ya kidonge chochote. Malai yatolewe juu, yaende kwa wajukuu, yeye mzee abaki na maziwa mepesi au ya kuganda. Supu ya mbuzi ipoe, mafuta yakigandia juu yaondolewe. Mboga za majani mzee alizikataa kwa adabu, akisema ng'ombe wake hawajawahi kula nyama yake na yeye hatakula majani yao. Sikubishana. Kule hakulimwi, lakini siku za mnada maharage yanapanda kutoka Karatu, na Nolari akaanza kuyachanganya kwenye loshoro, yale makande yao ya mtindi, mahindi yakapungua na maharage yakaongezeka. Hayo aliyala, kwa sababu yalikuja yamevaa nguo anazozifahamu. Nilimpigia daktari kutoka juu ya kilima cha Nashipai nikamweleza siku nzima ya mzee ilivyo, naye akabadilisha dawa na saa zake; Nolari alipozikubali, mzee naye akazimeza. Dawa ni ya daktari, vijana, msije mkaibadilisha wenyewe.

Sukari ya nyumbani Nolari aliiacha kwa shida. Mkono wake ulikuwa umezoea kumwokoa mume. Nilimwachia asali yake palepale, nikamfundisha dalili, nikamwambia siku ukiziona tena, fanya kama ulivyofanya. Nadhani hilo ndilo lililomtuliza, kwamba sikumnyang'anya silaha.

Lakini zilibaki chai za maboma ya watu, na mwezi wa daktari ulikuwa unayoyoma.

Aliyelitatua siyo mimi. Alikuwa Sironet, rika lake Tipape, mtu mnene wa vicheko, mwenye kupenda utamu kuliko mtoto. Alikuja jioni ya mwisho kumtazama mgonjwa, na Nolari akampa chai ambayo haikutiwa sukari, kwa kuwa birika lilikuwa moja. Sironet akaonja. Akauliza kuna msiba gani. Wakamweleza kuhusu mguu, mwezi mmoja, salamu za maboma. Aliacha kucheka. Aliniuliza kama ni kweli kwamba chai za watu ndizo zinazoula mguu wa Tipape, nikamwambia ni sehemu kubwa. Akaukodolea macho ule mguu uliofungwa bandeji, ukungu unaingia mlangoni, moshi unatoka.

"Tulitahiriwa pamoja," akasema. "Tulikula nyama porini pamoja, hakuna aliyekula peke yake. Leo anywe chai ya peke yake kama mgeni?"

Alikunywa chai yake mpaka mwisho, uso umekunjamana. Kesho yake akaondoka na fimbo yake kuwazungukia wenzao wa rika. Sijui aliwaambiaje. Ninachojua ni kwamba ndani ya wiki moja lilikuwa limetoka neno kwenye maboma yote ya upande ule: rika lile sasa linakunywa chai ya maziwa bila sukari, wote, popote wanapopita, na mama mwenye nyumba asione ametukanwa, ndivyo rika lilivyoamua. Mzee Tipape hakulazimika kumkataa mtu yeyote. Salamu zilibaki, sukari ikatoka.

Mimi na madigrii yenu ya leo tungekaa miaka tusilifikirie hilo.

Kila wiki nilipanda kusafisha kidonda. Wiki ya kwanza hapakuwa na kitu. Ya pili, harufu ilipungua, sikusema. Ya tatu niliona pembeni mstari mwembamba mwekundu, nikajiambia ni macho yangu. Usiku nilikuwa naota nafungua bandeji isiyokwisha, nazungusha, nazungusha, na ndani yake nakuta ukungu tu.

Siku ya mwisho ya ule mwezi tulipiga turubai letu kama kawaida. Nilipofika, rika lote lilikuwa limeketi kwenye nyasi zenye umande, wazee sita wamejifunika shuka, katikati yao chupa kubwa ya chai yao isiyo na sukari. Hawakuwa na kadi, hawakuja kupimwa. Walikuja kusubiri mguu. Ng'ombe wa watu walipita nyuma yao ndani ya weupe, wanaonekana miguu tu.

Ndani ya turubai mzee aliunyoosha mguu juu ya kigoda, Nolari akachuchumaa pembeni. Nilifungua bandeji. Nilisafisha. Nyama ilikuwa imejaa kutoka chini, nyekundu, safi, na kingo zake zilikuwa zimekaribiana hata kidole changu cha mwisho kisingeenea katikati. Nilikuwa nalia, na siku zile nilikuwa na sifa ya kutolia. Nolari akanishika goti, akaniuliza kwa Kiswahili, mara ya kwanza kumsikia akikisema.

"Mguu wa nani?"

"Wake," nikamjibu. "Mguu ni wake, haukatwi."

Mzee alivaa kandambili zake za tairi, tena mpya zenye kisigino nilizomlazimisha kununua, akatoka nje kwa hatua zake mwenyewe. Wazee hawakushangilia, siyo desturi yao. Mmoja mmoja walishika fimbo zao, wakasema neno la shukrani kwa Mungu, kila mmoja akateremsha kichwa kidogo. Ila Sironet. Sironet alinigeukia na uso wa mtu anayedai haki.

"Takwenya, Yeyo."

"Iko," nikaitikia salamu yake.

"Mguu umepona. Sasa turudishie sukari yetu."

Wote wakacheka, hata mzee. Na mimi nikacheka, na kwa kuwa nilikuwa na furaha na kipimo kilikuwa mkononi, nikamwambia kwa utani kwamba atoe kidole kwanza, nitarudisha sukari kwa wanaostahili. Akakitoa kwa mbwembwe, akiwatazama wenzake kama moran anayeonyesha kwamba haogopi kisu. Nikamchoma. Tukasubiri. Namba iliyotoka sikuipenda. Nikafuta kidole kingine, nikapima upya, ikatoka ile ile.

Mtu huyu alikuwa ameacha sukari mwezi mzima kwa ajili ya mguu wa mwenzake. Sijui ingesoma ngapi kama asingeiacha.

Uso wangu haujawahi kujua kufunga mlango. Kicheko kilikatika. Sironet akanitazama, akaitazama ile mashine ndogo, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kitu kile kile. Nikamwambia ndiyo, baba, ni kile kile. Mikono yake mikubwa ikabaki juu ya magoti, kidole bado kina tone la damu, na kwa mara ya kwanza nilimwona kwamba ni mzee.

Mzee Tipape aliketi taratibu karibu yake, akaunyoosha ule mguu mbele. Akaivuta chupa, akamimina chai mpaka kikombe kikajaa, akampa.

"Kunywa," akamwambia. "Bado tunakunywa hii."